Ukurasa wa Kumi na Tisa

Karama, Dubai
12 Aprili 2014

Dadangu Mahfudha,

Wahid wa vipuri alitua jana na mzigo wako. Achari ya embe imevuja kidogo, lakini zile karatasi za mazoezi hazikuguswa. Allah akulipe. Huku kitabu kimoja cha mazoezi ya Kimarekani kinauzwa bei ya kiatu cha harusi.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Tuko familia tatu kwenye nyumba moja, na ukuta wa chumba chetu ni ubao tu. Nikikohoa, wa chumba cha pili wananipa pole.

Mtihani ni tarehe 9 na 10 Mei. Watoto wote wa kwetu wanaosomeshwa nyumbani, ishirini na watatu, watakaa ukumbi mmoja hapa Karama, juu ya mkahawa wa Wamalabari, wale Wahindi wa kusini. Wanaziba viduara kwa penseli, karatasi zinapelekwa Amerika, na baada ya wiki tano unaambiwa mwanao amewapita wangapi katika mia wa umri wake. Mzazi haruhusiwi kumsimamia mwanawe. Lazima awe mtu mwingine mwenye shahada ya chuo kikuu. Wetu ni mwalimu mmoja wa bara, Zephania, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Al Mankhool. Mtu mpole, anavaa tai hata kwenye joto hili.

Dada, unajua kwa nini nautaka mtihani huu. Miaka mitatu iliyopita yule Madam, mkuu wa shule, alinikalisha ofisini kwake na Fairuz akiwa papo hapo pajani kwangu, ana miaka saba. Akasema, "Huyu si mtoto wa darasani. Mfundisheni kazi ya mikono." Fairuz akaniuliza kwenye lifti, "Mama, kazi ya mikono ni ipi?" Siku ile niliapa kwamba nitayarudisha maneno yale, tena nitayarudisha kwa karatasi yenye muhuri. Nimeshachagua na nguo nitakayovaa siku ya kumwekea matokeo mezani. Naota uso wake utakavyokuwa.

Na Hafiz naye amelirudia lile neno lake la mwezi wa Machi. Alirudi kutoka kazini Ras Al Khor juzi, mikono bado ina grisi, akasema akifeli, khalas, Fairuz anarudi Mombasa kwa mama yake Hafiz, akasome huko kama watoto wenzake. Atanitenga na mwanangu, Mahfudha. Kwa hiyo karatasi zako tunazifanya asubuhi moja, jioni moja. Akikosea anarudia mpaka asikosee.

Mdogo wako,
Kuruthum


Mji wa Kale, Mombasa
27 Aprili 2014

Mdogo wangu Kuruthum,

Nimeisoma barua yako kazini, mlango nimeufunga. Huyo Madam ningempata mimi ningemla nyama mbichi. Mjukuu wa Sheikhan aambiwe si wa darasani! Baba angefufuka.

Mfundishe Fairuz vizuri. Zile karatasi ni mazoezi mazuri, wanafunzi wetu hapa shuleni huyafanya kila mwaka, na ndiyo maana nilikutolea kopi. Ila nakuomba mambo mawili. Usimwonyeshe mzazi mwingine yeyote, hata yule rafiki yako Lynette. Na ukimaliza, zichome. Mwalimu mkuu wetu ni Mmarekani, na kwa mali ya shule ni mkali kama pilipili. Mimi sekretari wake wa miaka ishirini na miwili, nimebakiza miwili nistaafu. Sitaki maneno ya fotokopi.

Mpige Madam kwa alama. Usimbakizie hata pa kushika.

Dadako,
Mahfudha


Al Mankhool
11 Mei 2014

Kwako Mama Fairuz,

Salamu nyingi. Mtihani umemalizika jana bila fujo, na nawashukuru wazazi wote kwa kushika muda.

Kuna jambo kuhusu Fairuz ambalo ningependa tuzungumze ana kwa ana kabla sijazifunga karatasi na kuzituma Amerika Jumatano. Si jambo la kuandika. Tafadhali uje peke yako, bila mtoto, kesho saa kumi, pale hotelini. Nikishatuma, mkono wangu hautafika tena, na ningependa tulimalize sisi wenyewe.

Wako,
Zephania Mudaki


Karama
12 Mei 2014

Mwalimu Zephania,

Barua yako nimeielewa vizuri kuliko ulivyodhani. Nije peke yangu, hotelini, kabla hujatuma, tulimalize sisi wenyewe. Mimi nimezaliwa Mombasa, si jana. Karani anayetaka kitu kidogo huzungumza hivyo hivyo.

Sina cha kukupa. Mwanangu amefanya mtihani kwa kichwa chake. Funga karatasi zako utume. Ukithubutu kumgusa, utanijua.

Kuruthum Sheikhan


Karama
14 Juni 2014

Dada,

Matokeo yametoka. Watoto ishirini na wawili wamepewa alama. Agneta wa Lynette amewapita themanini na mmoja katika mia, na mamake amegawa halua jengo zima. Fairuz wangu amepewa mstari mmoja: "Matokeo ya mwanafunzi huyu yamezuiwa kufuatia taarifa ya msimamizi. Maelezo yatatolewa na msimamizi."

Nilikwambia kwenye simu kwamba Zephania alitaka hongo nikamnyima. Basi amelipiza. Kumbe ile tai ni kamba ya kuwanyongea watoto wa watu.

Nilimwuliza Fairuz, "Mwalimu alikufanya nini mle ndani?" Akaangalia miguu yake. "Hakunifanya kitu." "Alikwambia nini?" "Aliniambia nisiogope." Nikamshika bega, nikamwambia sema kweli, akaanza kulia, na mpaka leo hataki kusema zaidi. Hebu fikiria mtu mzima anayemtisha mtoto kisha anamwambia asiogope.

Hafiz hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliuliza tu bei ya tiketi ya mtoto.

Sasa sikiliza. Siku ya mkutano wa wazazi Zephania alituambia ana shahada ya ualimu kutoka chuo kimoja cha Nairobi. Nimewahi kufundisha, Mahfudha, nawajua wenye shahada. Huyu anaandika ubaoni kama mtu wa chuo cha ualimu cha wilaya. Wewe una yule mwenzako uliyesoma naye, anafanya kazi kwenye ofisi ya usajili palepale chuoni. Nitafutie jina: Zephania Mudaki. Likiwa halipo, nitamfanya ajute siku aliyoshika penseli.

Usinipe nasaha. Nipe jina.

Kuruthum


Mombasa
22 Juni 2014

Kuruthum,

Umesema nisikupe nasaha, lakini mimi ndiye mkubwa. Ramadhani imebaki siku chache. Mtihani upo na mwakani. Pengine mtu huyo aliona kitu ambacho si hongo. Wasimamizi wana masharti yao, wala hukumpa nafasi aseme.

Lakini najua hutasikia. Mwenzangu ametazama vitabu vyao. Zephania Mudaki hana shahada. Alisoma pale miaka miwili, akapewa stashahada ya ualimu mwaka 2003. Ni stashahada halali, lakini si shahada. Hayumo katika waliovishwa joho. Nakutumia na karatasi aliyoipiga chapa.

Ufanye unaloona. Mimi nimekupa ulichotaka.

Zile karatasi za mazoezi umeshazichoma? Hukunijibu.

Mahfudha


Karama
20 Julai 2014

Dada yangu,

Mfungo wa ishirini na mbili leo. Nimefunga, na sijutii neno hata moja la barua hii.

Niliandika barua mbili kwa Kiingereza safi, ya kwanza kwa kampuni ya mtihani Amerika, ya pili kwa hoteli yake, maana visa ya kazi aliipata kwa kuandika ana shahada. Kila moja nikaibandikia ile karatasi yenye chapa. Sikutukana mtu. Niliandika kweli tupu, na kweli inauma kuliko tusi.

Kabla ya hapo alikuja mpaka mlangoni kwangu. Jioni, nakaanga sambusa. Ana bahasha mkononi, anagonga kama mtu wa benki.

"Mama Fairuz, nifungulie. Nimekuletea habari njema ya mtoto."

Nikamwambia kupitia mlangoni, "Habari yako iweke kwenye hiyo bahasha uile."

"Tafadhali. Dakika mbili tu. Kuna tarehe."

"Tarehe yako naijua mimi. Bado unaisubiri."

Nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Sambusa ziliungua upande mmoja, nikazila hivyo hivyo, tamu. Kesho yake nikapeleka barua.

Kampuni ilijibu baada ya siku nane. Wamemfuta kwenye orodha ya wasimamizi. Juzi nilipita hotelini, nikaingia kama mteja anayeuliza bei ya chumba. Mapokezi yupo kijana wa Kifilipino. Nikauliza, "Bwana Zephania yuko wapi?" Akasema hafanyi kazi hapa tena. Nilitoka nje kwenye lile joto nikacheka peke yangu pale kituo cha metro mpaka mama mmoja akasogea pembeni.

Kuna moja tu sikulifikiria. Kampuni imefuta alama za watoto wote aliowasimamia. Wote ishirini na watatu. Agneta alikuwa ameshapata nafasi ya shule kwa alama zile, na sasa wamemnyang'anya. Lynette alinikuta kwa Wamalabari akanitazama tu, hakunijibu salamu. Nilimwambia anayepaswa kulaumiwa ni aliyedanganya. Akasema, "Yeye alidanganya fomu. Wewe umewachinja watoto." Aende zake. Mwanangu alipochinjwa peke yake, yeye alikuwa akigawa halua.

Hafiz amekata tiketi ya Fairuz, tarehe 30 Agosti. Nitapigana naye baada ya Idi. Kwanza niache nifurahi.

Kuruthum


Al Mankhool
8 Agosti 2014

Mama Fairuz,

Visa yangu imefutwa. Narudi nyumbani kesho, Nairobi kisha Vihiga. Barua hii nimempa mwenzangu akuwekee chini ya mlango, kwa kuwa mlango wako naujua.

Sitakulaumu kwa ile stashahada. Ni kweli sina shahada. Niliandika uongo kwenye fomu mwaka 2009 nikijua ni uongo, kwa kuwa nilitaka kutoka, na uongo ule ulinilisha miaka mitano. Hilo ni langu.

Lakini la Fairuz ni lako, na ninataka ulijue.

Siku ya pili ya mtihani, nilipokuwa nakusanya vijitabu, niligundua kijitabu chake kina kasoro ya uchapaji. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa mweupe, haukuwa na kitu. Ukurasa huo kwa watoto wengine una habari ya kusoma na maswali sita. Mtoto anayekuta ukurasa mweupe huinua mkono. Fairuz hakuinua. Alikuwa amejibu maswali yote sita kwenye karatasi yake ya viduara, na nilipolinganisha na kijitabu cha mwenzake, kila jibu lilikuwa sahihi.

Nilingoja wengine watoke. Nikamwuliza, "Fairuz, hapa hapakuandikwa kitu. Umejibuje?"

Akasema, "Ya arubaini na moja ni C. Ya arubaini na mbili ni A. Ya arubaini na tatu ni A tena." Akaendelea mpaka mwisho, macho ameyafumba, kama anayesoma sura aliyoihifadhi.

"Nani amekufundisha?"

"Mama."

Nikamwambia asiogope, hajafanya kosa. Mimi pia ni mwalimu. Niliona kwamba mtoto yule hajui kama ameiba. Sikuwa na hakika kama hata wewe unajua. Ndiyo sababu nilikuita uje peke yako. Nilikuwa tayari kuandika kwamba kijitabu kiliharibika, afanye upya, na yasizungumzwe mengine. Wewe ukanijibu ulivyonijibu.

Baada ya hapo nililazimika kutoa taarifa. Niliandika kwamba mtoto hana hatia na nikaomba afanye toleo lingine la mtihani. Walikubali. Ingekuwa Ijumaa tarehe 11 Julai. Ile bahasha uliyoniambia niile ilikuwa ruhusa yao. Ruhusa ilitolewa kwa jina langu. Waliponifuta mimi, nayo ikafutwa.

Nimejaribu kukusamehe kabla sijasafiri, imekataa. Labda nikifika nyumbani. Fairuz ni mtoto mwerevu. Sehemu ya hesabu, ambayo nadhani hakuikariri yote, aliifanya kwa njia zake mwenyewe, pembezoni mwa karatasi, na njia zake zilikuwa nzuri.

Zephania Mudaki


Karama
10 Agosti 2014

Mahfudha,

Sikuzichoma. Zilikuwa chini ya godoro.

Nimeitoa karatasi ya kumi na tisa. Habari ya mwanamke anayefuga nyuki juu ya paa la nyumba yake. Maswali sita. Nimemwita Fairuz, nimemwambia, "Ya arubaini na moja?" Akanijibu kabla sijafunga mdomo. Nikamwuliza habari yenyewe inahusu nini. Hajui. Hajui kama kuna nyuki, dada. Anajua C, A, A.

Haya si mazoezi. Huu ni mtihani wenyewe.

Nijibu kwa neno moja. Ulijua?

Kuruthum


Mombasa
17 Agosti 2014

Mdogo wangu,

Nilijua.

Shule yetu huletewa mtihani huo huo kila mwaka, katika maboksi yaliyofungwa. Boksi hukaa stoo na ufunguo wa stoo ninao mimi. Nilikata utepe wa kijitabu kimoja, nikakitoa kopi siku ya Jumamosi shule ikiwa tupu, nikakifunga tena kwa gundi. Hakuna aliyegundua. Niliondoa jalada ili wewe usigundue.

Ulinipigia simu mwezi wa Machi unalia mpaka husikiki. Ulisema Hafiz atakutenga na mtoto. Ulisema maisha yako yote ni uso wa yule Madam siku utakapomwekea karatasi. Nilifikiri nitakupa siku hiyo. Mimi sina mtoto, Kuruthum, na Fairuz ndiye pekee anayeniita mama mkubwa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilidhani utampa mara moja mbili, apate mwanga. Sikujua utamkaririsha kama kasuku.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Uliponiomba jina la Zephania, nilikuwa nimeshaelewa kwamba amegundua. Ningeweza kukuandikia kweli, au kukuandikia habari ya stashahada. Nikaandika iliyonifaa mimi. Nilijiambia akiondoka yule mtu, hakuna atakayeuliza karatasi zilitoka wapi. Nilitia maneno ya Ramadhani juu yake ili nijione nimekukanya. Nilijua hutakanyika.

Naomba radhi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nakuomba lisitoke baina yetu, tumbo moja.

Mahfudha


Karama
24 Agosti 2014

Mahfudha,

Usiniambie tumbo moja. Ulinitazama nikimchimbia kaburi mtu asiye na kosa, ukanipa jembe, ukaondoka unajifuta vumbi.

Nilimchoma Zephania kwa moto ulionikokea wewe. Lynette hanisemeshi, na wengine pale jengoni wanavuta watoto wao ninapopita. Hafiz amejua yote. Nilimwambia mwenyewe. Aliweka kijiko chini akasema, "Basi mtoto huyu si wa kukaa na nyinyi wawili." Fairuz anaondoka Jumamosi. Atakaa kwa bibi yake Kisauni. Nilimshonea begi la shule jana. Na wewe, utakuwa naye mji mmoja, utaweza kumwona kila wiki, mimi niko hapa natazama kitanda chake! Hilo halitakuwa. Nimemwambia mama mkwe usikanyage pale.

Na nimeandika barua nyingine. Nimezizoea sasa. Hii ni kwa mwalimu mkuu wako. Nimemweleza stoo, ufunguo, utepe, gundi, Jumamosi. Nimemwekea ile karatasi ya kumi na tisa, na barua yako ya tarehe 17 nimeitoa kopi nikaitafsiri upande wa pili ili isimpe taabu. Sikumpa Wahid, nimeituma kwa posta ya haraka.

Uliogopa maneno ya fotokopi. Haya, yamekuja.

Kuruthum


Mombasa
15 Septemba 2014

Kuruthum,

Barua yako kwa mwalimu mkuu ilifika Jumatano ya kwanza ya Septemba, saa nne kasorobo. Niliifungua mimi. Barua zote zinazokuja pale hufunguliwa na sekretari, miaka ishirini na miwili sasa. Nilijua mwandiko kabla sijachana bahasha.

Niliisoma nimesimama. Kiingereza chako kizuri, hukukosea hata nukta. Chini ya meza yangu kuna mashine ya kukatakata karatasi, naigusa kwa goti nikikaa. Ofisini hapakuwa na mtu. Ningeilisha ile mashine barua yako, na wewe ungesubiri jibu mpaka uzeeke.

Niligonga muhuri wa kupokelewa, nikaandika tarehe, nikaipeleka nikaiweka juu kabisa ya zingine. Nataka ulijue hilo. Hukunifikia wewe, nimejipeleka mwenyewe kwa miguu yangu.

Aliniita baada ya dakika kumi. Mlango akaufunga yeye, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nani ameandika hii?"

"Mdogo wangu, bwana. Baba mmoja, mama mmoja."

"Anasema kweli?"

"Anasema kweli."

Akaigeuza barua, akautazama muhuri wa kupokelewa. Halafu akasema, "Mbona hukuichana?"

Nikamwambia, "Kuna mtu alifukuzwa Dubai kwa sababu barua ya kweli niliyopaswa kuiandika niliificha kichwani. Sitaki ya pili."

Niliondoka siku hiyo hiyo na sanduku la vitu vyangu. Kiinua mgongo hakuna. Kabla sijatoka nilimwomba aandike kwa kampuni ya mtihani kwamba wizi ulianzia kwangu, na kwamba watoto wengine ishirini na wawili hawakuhusika. Ameandika. Wamekubali wafanye upya Novemba, na watamtuma msimamizi wao. Mwambie Lynette, au usimwambie, atapata barua yake. Nimemwandikia na Zephania huko Vihiga. Hajajibu, wala sitegemei.

Kwenye barua yako kwa mwalimu mkuu, Kuruthum, nilitafuta mahali ulipojitaja. Nimeisoma mara tatu. Nimo mimi, imo stoo, imo gundi. Wewe humo. Madam wako amekaa kwenye kiti chake huko Dubai wala hajui kama kulikuwa na vita.

Sasa la mwisho, na hili nakuandikia kwa makusudi, likuume.

Sikukanyaga kwa mama mkwe wako. Yeye ndiye aliyekuja kwangu Jumapili, amemshika Fairuz mkono. Alisema mtoto hali, hasemi, na mwalimu wake mpya amelalamika. Akatuacha sebuleni akaenda sokoni. Nilimpa Fairuz mkate wa mofa na mchuzi, akala kidogo. Nikaona nimchangamshe, nikamwuliza swali la kawaida ambalo mtu yeyote humwuliza mtoto: "Fairuz, unapenda zaidi Dubai au Mombasa?"

Aliniangalia. Kisha akafumba macho, kama ananoa kumbukumbu, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Alipofumbua alikuwa na hofu kama mtu aliyepotea.

Akaniuliza, "Mama mkubwa, mnataka nijibu lipi?"

Wewe mwaka huu umejua kuwaandikia watu wengi, wa Amerika, wa hoteli, wa ofisini kwangu. Mwandikie na yeye.

Mahfudha